Mche na Udongo Wake

Siku ile mliponiaga mlinipa kipaza sauti, mkasema Mama Neema atuachie maneno mawili matatu. Nilisimama, nikaiangalia keki, nikakiangalia kitenge mlichonizawadia, nikasema asanteni sana, Mungu awabariki, nikakaa. Mlipiga makofi kwa adabu, ila niliona machoni mwenu kwamba mlitegemea zaidi. Hata mimi nilitegemea zaidi. Maneno nilikuwa nayo, lakini hayakuwa ya kusemwa mbele ya pilau na soda.

Sasa nipo nyumbani Chuno. Asubuhi sina pa kuwahi, na kuku wananishangaa. Nimeona afadhali niyaandike. Vyeo sitavitaja, kwa sababu katika shirika la watu saba kila mtu ni mkuu wa kitu fulani. Mishahara nayo siitaji. Kuna miezi ilikuwa yenyewe haitajiki. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, na mama mmoja niliyefanya naye.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi si mtu wa huku kwa asili. Baba yangu alitoka Upareni, akaletwa Mtwara na kazi ya bandari, nami nililetwa mgongoni mwa mama. Kimakonde nakielewa, lakini nikikisema watu hucheka kwanza ndipo wajibu. Shirika lilipoanza lilikuwa na vyumba viwili Chikongola, nyuma ya duka la misumari na rangi. Nilifika siku ya kwanza nimevaa viatu vya kisigino, nikitegemea kupewa meza. Nilipewa kopo la kumwagilia.

Aliyenipa alikuwa Bwana Chilumba, mzee mwembamba aliyewahi kuwa mlinzi wa misitu, mwenye kofia ambayo sikumwona hata siku moja akiivua isipokuwa kanisani. Ndiye aliyekuwa bwana miche wetu. Alinipeleka kwenye kitalu, akaniambia nihamishe miche michache kutoka tutani kwenda kwenye viriba, ile mifuko midogo ya plastiki tunayokuzia miche. Nikaukamata wa kwanza kwenye shina, nikavuta. Ukatoka mzizi mtupu.

"Binti," akasema, "huyo umemkaba."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Alichuchumaa, akachimba taratibu kuuzunguka mche wa pili, akapitisha mkono mmoja chini na wa pili akauweka ubavuni, akauinua na bonge lake lote la udongo.

"Mche hauhamishwi peke yake," akasema. "Unahamishwa na udongo wake. Ukiutoa peke yake, unasafirisha maiti."

Nimehudhuria semina nyingi tangu siku ile. Nimepewa mikoba ya semina ya kutosha kufungua duka. Sijafundishwa jambo jingine lililonikaa kama lile, na kila kikundi nilichokifundisha mimi nililianza na hilo: mkono mmoja chini, mmoja ubavuni, shina usiliguse.

Miaka ya mwanzo tulikuwa zaidi upande wa Nanyamba, kwa wakulima wa korosho. Tulipanda miti ya kuni ili watu waache kumaliza vichaka, tukafundisha majiko banifu. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba msimu wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, ukifika, usimwite mkulima kwenye mkutano hata ukitangaza chakula. Nilijifunza pia kuingia jikoni mwa watu kabla ya kuamini wanachosema barazani. Kuna nyumba tulikuta kuku ameatamia ndani ya jiko banifu tulilolijenga wenyewe, ametulia kabisa. Kwenye ripoti tuliandika kwamba jiko linatumika. Hatukusema na nani.

Bwana Chilumba alifariki tukiwa bado huko, mikorosho ikiwa imetoa maua. Tulimzika kijijini kwao. Nilisimama karibu na kaburi, nikaona jeneza likishushwa, na zamu yangu ilipofika nikachota udongo kwa mkono nikautupia. Mtu alikuwa ameweka ile kofia ya mzee juu ya jeneza. Nililia sana siku ile, lakini nilirudi nyumbani nikiwa na kitu kama utulivu, na sikujiuliza ulitoka wapi. Nilikuja kuulizwa na mtu mwingine.

Mtu huyo ni Mama Saidi. Kijiji chake sitakitaja, kwa kuwa wenyewe hawakunituma. Kipo kule mto Ruvuma unakokaribia bahari, ambako maji hayajaamua kama ni ya chumvi au matamu. Ni watu wa muhogo na korosho, na wengine wana vijishamba vya mpunga bondeni. Makaburi yao yako ufukweni. Wazee wa zamani walizika pale kwa sababu mbele kulikuwa na msitu wa mikoko, na bahari ilikuwa mbali. Kisha mikoko ikakatwa, mingine ya kujengea, mingine ya kuchomea chokaa, mingine ikapakiwa kwenda mjini na watu ambao kila mtu anawajua na hakuna anayewataja. Msitu ulipoisha bahari ikaanza kusogea. Tulipofika sisi, maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi mwezi ukiandama au ukipevuka, yalikuwa yanalamba miguu ya safu ya mbele ya makaburi, na wenyeji walisema kwamba safu nyingine mbili zilikuwa zimekwenda tayari.

Kazi yetu ilikuwa kurudisha mikoko. Kwa wageni waliotupa fedha tuliuita mradi wa kulinda ukanda wa pwani, maana kulinda wafu hakumo katika mambo wanayofadhili. Tukaunda kikundi cha kina mama cha kitalu. Wao ndio waliolijua tope lile, kwa sababu kila maji yakipwa walikuwa humo wakiokota chaza na kombe. Walimchagua Mama Saidi awe mwenyekiti. Alikuwa mama mrefu, mkimya, mwenye mkono mwepesi kwenye miche kuliko wote.

Katika kuzoeana nikamuuliza kama tunavyoulizana, "Saidi yuko darasa la ngapi?"

Bi Zuhura, jirani yake, akaanza ghafla kuulizia bei ya mchele mjini. Mama Saidi hakukasirika. Alimaliza kujaza kiriba chake, akaelekeza kidevu upande wa ufukwe.

"Saidi yupo kule," akasema.

Alikuwa mtoto wake wa kwanza. Ndiyo kwanza alikuwa ameacha ziwa, akashikwa na homa, na barabara ilikuwa imekatika kwa mvua. Baada yake alizaa mabinti, nao wameshaolewa, lakini kwao mtu akishaitwa kwa jina la mtoto wa kwanza haitwi jingine. Kila siku, miaka yote hiyo, watu walikuwa wanamwita kwa jina la mtoto aliye ardhini, naye anaitika.

Sasa kuna jambo lazima mlijue ili muelewe yanayofuata. Katika kijiji kile mwanamke haingii makaburini. Haendi kuzika, haendi kuzuru, hapiti hata kwa njia ya mkato. Maiti ikishatoka nyumbani, mama anabaki ndani na wenzake. Mama Saidi hakuwahi kuliona kaburi la mwanawe. Alikuwa analijua kwa maneno ya mume wake tu: chini ya mkunazi, jiwe la matumbawe kichwani, safu ya nne kutoka baharini.

"Ilikuwa ya nne," aliniambia. "Sasa ni ya pili."

Siku moja tukiwa wawili kitaluni nilimsimulia habari za Bwana Chilumba, na jinsi tulivyomzika. Akaacha kazi.

"Wewe ulifika mpaka kaburini?"

"Nilifika."

"Ukaona wanavyonshusha?"

"Nikaona."

"Ukatia mchanga kwa nkono wako mwenyewe?"

"Nikatia."

"Basi nyie mmejaliwa," akasema. "Mimi wangu walintoa mlangoni, nikasikia sauti zao zinakwenda, zinakwenda, halafu sikuzisikia tena. Mpaka leo ntoto wangu ni kama yuko njiani." Kisha akarudi kwenye viriba. "Sitaki mambo mengi, Mama Neema. Bahari itakuja, najua. Nataka ikija ikute miti."

Nimeona malengo ya miradi mingi, mengine yana kurasa nzima. Hilo ndilo lililokuwa lengo la mradi ule, na nililibeba moyoni kuliko yale tuliyoyachapisha.

Miche ilipokuwa tayari tulikwenda kwa Mzee Dadi. Huyu ndiye aliyekuwa mwangalizi wa makaburi, kama baba yake kabla yake. Alikuwa mzee safi, wa kanzu iliyofuliwa vizuri, na hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu msimu ule nilimwita majina mengi kimoyomoyo. Tulimweleza kwamba miti inabidi ipandwe chini kabisa ya ukingo wa makaburi, na kina mama ndio waliofunzwa kuipanda.

"Wanawake hawaingii makaburini," akasema. "Hilo halimo kwenye mladi wenu, mama. Miti mtuachie. Wanaume watapanda."

Nikabisha kidogo, kwa heshima. Mwenyekiti wa kijiji, tuliyekwenda naye, akanikanyaga mguu chini ya meza. Tukakubaliana kwamba wanaume watapanda, ila wanisubiri niwaonyeshe. Kisha nikaitwa mjini kwenye semina. Semina ilihusu ushirikishwaji wa jamii.

Niliporudi walikuwa wameshapanda, siku ya Ijumaa baada ya sala, kijiji kizima cha wanaume, kwa moyo mmoja. Mnaijua mbegu ya mkoko: ndefu, ya kijani, inaning'inia mtini ikiwa imeshaota, ukiichomeka wima topeni upande wenye ncha ukiwa chini inakwenda yenyewe. Kwao huo ni mti uliojipanda wenyewe tangu dunia iumbwe. Hakuna baba aliyewahi kumfundisha mwanawe kuupanda. Kitu walichokijua wao kupanda ni muhogo. Basi walizichukua zile mbegu, wakazikata kwa panga vipande viwili viwili kama pingili za muhogo, wakazilaza mshazari matutani, wakazifukia na kuzishindilia kwa mguu. Na ile miche ya kwenye viriba waliikata vichwa, kwa sababu shina la muhogo hupandwa bila majani. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

"Tumezikata ili zitoshe," Mzee Dadi akaniambia, amefurahi. "Mlileta chache."

Nilishindwa kumwambia. Yale matuta yalikuwa yamenyooka vizuri mno. Kina mama walikuwa wamesimama mbali kwenye tope na ndoo zao za chaza, nao wakaona. Bi Zuhura akasema, "Jamani, wamepanda mihogo!" Wakacheka mpaka wengine wakakaa topeni. Mimi mwenyewe nilicheka. Mama Saidi hakucheka. Alikuwa anayaangalia yale matuta, na nadhani alishaanza kupiga hesabu ambayo sisi wengine tulikuja kuipiga tumechelewa.

Vyote vilioza. Mbegu za msimu ule zilikuwa zimekwisha, miche nayo imekwisha, ikabidi tusubiri miti michache iliyobaki upande wa pili wa mto izae tena. Mwaka mzima ukapita. Kwa mradi mwaka si kitu, unaandika sababu na kuomba muda. Bahari haiombwi muda.

Msimu uliofuata sikuwa mimi niliyekwenda kwa Mzee Dadi. Mama Saidi alimsubiri njiani akitoka msikitini. Nilikuwa nyuma yake. Alijifunika kanga vizuri, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Babu, nauliza tu. Baharini ni makaburini?"

Mzee akamwangalia. "Baharini si makaburini."

"Na tope, maji yakipwa?"

"Tope ni la bahari."

"Basi sisi tutapita baharini."

Mzee Dadi alisimama pale akikuna ndevu kwa muda. Alikuwa ameyaona matuta yake yakioza, na hakuna aliyemsimanga, jambo ambalo nadhani lilimuuma zaidi. "Ukingo msiukanyage," akasema mwishoni.

"Hatuukanyagi, babu."

Kutoka kitaluni hadi pale kwa njia ya makaburi ni mwendo wa kumaliza embe moja. Kina mama wakazunguka mbali, wakaingilia mdomoni mwa kijito, tope hadi mapajani, mabeseni ya miche kichwani. Mimi nilipoteza buti moja ambayo hadi leo imo humo. Tulipofika chini ya ukingo tukaanza kupanda, mililana mbele kabisa kwa kuwa inastahimili mawimbi, kisha michu, kisha mikoko yenyewe, maana yote ni jamii moja. Mkono mmoja chini, mmoja ubavuni.

Nikaona mtu anakuja juu, upande wa makaburi. Alikuwa Baba Saidi, mume wake, mtu wa maneno machache ambaye muda mwingi alikuwa shambani kwenye mikorosho. Hakumwita mkewe, wala hakutusalimu. Alipita katikati ya makaburi, akafika kwenye mkunazi, akavua kofia, akasimama. Kisha akaweka mkono juu ya jiwe na kuuacha pale.

Mama Saidi alikuwa ameinama na mche mkononi. Akainuka. Kutoka pale topeni hadi kwenye lile jiwe ni kama kutoka mlangoni mwangu hadi kwa jirani. Ndiyo mara yake ya kwanza kuliona. Kina mama wengine wakaendelea kupanda, wameinamisha nyuso, wakimpa nafasi. Baba Saidi alibaki pale mpaka maji yalipoanza kurudi na tukalazimika kuondoka. Mama Saidi akapanda ule mche aliokuwa ameushika sawasawa chini ya mkunazi, na baada ya hapo kila nilipokwenda nilimkuta ameshaupitia kabla yangu.

Miche ilishika. Nawaambia hili ili msije mkadhani kazi yetu ilikuwa bure tangu mwanzo, haikuwa bure. Kaa walirudi, samaki wadogo wakaanza kujificha kwenye mizizi. Wageni wakaja, kijiji kikachinja mbuzi, mgeni njoo mwenyeji apone. Wakarusha kile kindege cha kupigia picha, wakamkuta Mama Saidi topeni, wakamwomba atabasamu. Kisha wakasema mradi umefikia ukomo na jamii sasa inaweza kusimama yenyewe. Miti yenyewe ilikuwa haijafika magotini.

Niliendelea kwenda, siku za mapumziko, kwa bodaboda. Mama Saidi hakuwa ananiuliza habari za mradi. Tulikuwa tunaondoa mwani uliosokota kwenye vishina, tunasimamisha vilivyolala.

Masika yale mto ulijaa kuliko watu walivyozoea. Maji yakashuka na magogo kutoka juu, na siku zile zile za bamvua upepo mkubwa ukatoka baharini, mto na bahari vikakutana pale pale. Asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa Mama Saidi, na hakusalimu.

"Mama Neema," akasema, "imeingia."

Nilifika mchana. Miti mingine ilikuwa imeng'oka, mingine imesimama imejaa takataka, imeinama kama watu waliopigwa. Nyuma ya ile iliyosimama ukingo ulikuwepo. Nyuma ya ile iliyong'oka, safu ya mbele ya makaburi ilikuwa imekwenda yote. Mkunazi ulikuwa unaning'inia, nusu ya mizizi hewani, na jiwe la matumbawe lilikuwa ukingoni kabisa. Nikaiangalia ile miti ya magotini, nikaona jinsi ambavyo ingekuwa na mwaka mmoja zaidi ingefika kiunoni na kusokotana mizizi, na kila mtu aliyekuwa pale aliliona hilo hilo, Mzee Dadi akiwemo. Sitasema kwamba ingezuia yote. Sijui. Lakini mwaka ule tuliupoteza, na naulilia hadi leo.

Wazee wakakaa kikao. Shehe akasema dharura ina hukumu yake, makaburi ya ukingoni yahamishwe kabla ya bamvua lijalo. Palitengwa mahali juu, kwenye mikorosho, kupita shule. Wanaume wangechimba. Kina mama hawakuambiwa kitu, nao hawakuuliza. Walishuka topeni kwa njia yao ile ile na kusimama chini ya ukingo. Nikasimama nao.

Baba Saidi alichimba kaburi la mwanawe mwenyewe. Alichimba polepole sana, mwishoni akaacha jembe akawa anatumia mikono. Tulimwona kichwa tu, kinainama na kuinuka. Yakatoka mabaki ya mbao za mwanandani, zile zilizomfunika mtoto kaburini, laini, yakivunjika kama mkate. Kisha hakikutoka kitu. Mtoto mdogo, miaka mingi, mchanga wa pwani. Ulikuwepo udongo tu, mahali pamoja mweusi kuliko kwingine.

Akainuka, akatuangalia kule chini, akatikisa kichwa.

"Hamna," Mzee Dadi akasema, kwa upole. "Amesharudi udongoni. Funika, Baba Saidi. Tumwachie Mwenyezi Mungu na bahari yake."

Wanaume wakaanza kusogea kwenye kaburi lingine.

"Baba Saidi!"

Sikuwahi kumsikia Mama Saidi akipaza sauti. Wote waligeuka.

"Msimwache," akasema. "Ntoto wangu msimwache hapo. Mhamishe na udongo wake."

Mzee Dadi akaniangalia mimi, kama vile mimi ndiye niliyesema. Na kwa kweli maneno yalikuwa ya Bwana Chilumba, yakapita kwangu, lakini sisi tulikuwa tunazungumzia miche. Niliona aibu, sijui ya nini, nikatazama chini. Mama Saidi hakutazama chini.

Mzee Dadi akamgeukia shehe. Wakanong'onezana. Shehe akainua mabega, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Leteni sanda," Mzee Dadi akasema.

Baba Saidi akauchota ule udongo mweusi kwa mikono miwili, wote, akauweka kwenye kitambaa cheupe na kukifunga ncha kwa ncha. Wanaume wakaanza kutoka makaburini kuelekea juu. Sisi tukazunguka kwa njia ya kijito mbio mbio, tope likituvuta, tukatokea barabarani mbele yao. Kina mama wakasimama kando, kama ada, kuwapisha. Mama Saidi akabaki katikati ya njia. Tope lilikuwa limemfika kifuani.

"Babu," akamwambia Mzee Dadi. "Njiani ni makaburini?"

Hilo ndilo nililoshindwa kuwaambia kwenye kipaza sauti, wanangu. Mlinitaka niseme nimejifunza nini, na picha iliyonijia ni ya yule mzee amesimama juani, na kijiji kizima nyuma yake, akitafuta jibu. Alikuwa na machozi.

"Njiani si makaburini," akasema.

Mama Saidi akanyoosha mikono. Mume wake akampa.

Alimbeba kutoka pale, akapita nyumba zao, akapita shule ambayo watoto walikuwa wamesimama kimya madirishani, mkono mmoja chini, mmoja ubavuni, na kanga hakuirekebisha ilipoteleza kichwani. Wanaume walipunguza mwendo nyuma yake. Nilikuwa hatua moja pembeni. Tulipoanza kupanda kilima kuelekea kwenye mikorosho nikasikia pumzi zake.

"Mama Neema."

"Abee."

"Mzito. Nilidhani atakuwa mwepesi."

"Nikupokee kidogo?"

"Hapana," akasema. "Niache nimfikishe."